RAID ya kadi au RAID ya programu? Namna ya kuchagua kwa kompyuta ya nyumbani Lubumbashi

Kazi yangu ni kuhariri video za ndoa. Kompyuta iko nyumbani, Bel-Air, katika chumba kidogo ambacho watoto wanajua hawaingii. Jumamosi yenye ndoa mbili inaniletea zaidi ya gigabaiti 300: bibi-arusi akivalishwa, kanisa, picha za bustanini, kisha ukumbi mpaka usiku wa manane. Siku hiyo hairudiwi. Nyanya aliyecheza mbele ya kamera Jumamosi huenda mwaka ujao hayupo, na wajukuu watamjua kwa video ile. Ndiyo maana habari ya diski naichukulia kwa uzito mkubwa.

Wenzangu wa kamera huniuliza swali lilelile: "Yaya, ninunue kadi ya RAID, ao niache kompyuta yenyewe ifanye?" RAID ni namna ya kuzifanyisha diski kadhaa kazi pamoja kama moja. Jibu langu ni hili. Kwa kompyuta ya nyumbani hapa mjini kwetu, chukua RAID ya programu, aina ya RAID 1, kwenye diski mbili zinazolingana ukubwa. Pesa ambayo ungelipia kadi, nunua UPS (betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika) na diski ya tatu. Wako watu ambao kadi inawafaa, nitawafikia, lakini ni wachache.

Kwanza tuelewane RAID inafanya nini. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa hoja kwamba diski kadhaa za bei ndogo zikifanya kazi pamoja zinaweza kuchukua nafasi ya diski moja kubwa ya bei kali. Tangu hapo namna za kuzipanga zimepewa namba. RAID 0 inagawa data vipande vipande juu ya diski zote ili kazi iende haraka. Diski moja ikifa, vyote vimekwenda, kwa hiyo usiiwekee kitu unachokipenda. RAID 1 inaandika kitu kilekile kwenye diski mbili. RAID 5 inataka diski tatu au zaidi na inavumilia kifo cha moja. RAID 6 inaanzia nne na inavumilia vifo viwili. RAID 10 ni jozi za RAID 1 zilizounganishwa, nayo inaanzia diski nne.

Siri ya RAID 5 ni pariti, na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme diski ya kwanza ina 1 na ya pili ina 0. Ya tatu inaandikiwa 1, ili hesabu ya moja zote iwe shufwa. Ya kwanza ikifa, tazama zilizobaki: 0 na 1. Ili hesabu iwe shufwa, iliyopotea lazima ilikuwa 1. Kompyuta inafanya hivyo mabilioni ya mara, na faili inarudi nzima.

Sasa, nani anaifanya hesabu hiyo? Hapo ndipo uchaguzi ulipo. Kadi ya RAID ina prosesa yake, kumbukumbu yake, na mara nyingi betri yake. Diski zinachomekwa kwenye kadi, na kompyuta inaona diski moja tu kubwa. RAID ya programu inafanywa na mfumo endeshi wenyewe, Linux, Windows au macOS, kwa prosesa ya kompyuta, na diski zinachomekwa kwenye ubao mama kama kawaida. Katikati kuna kitu cha tatu, RAID inayowashwa ndani ya BIOS, ile programu ndogo ya ubao mama inayoiwasha kompyuta, na hiyo nitaisemea peke yake kwa sababu inawadanganya wengi.

Watu wakilinganisha, wanaanza na kasi. Mimi naanza na swali jingine: siku kitu kitakapokufa, utakifungua kwa kutumia nini, na kifaa hicho kinapatikana wapi?

Mpiga picha mmoja wa Kamalondo alikuwa na seva kuukuu iliyotoka nje, yenye kadi na diski nne za RAID 5. Mwezi wa kumi na mbili radi ilipiga mtaani kwao, kadi ikaungua. Diski zote nne zilibaki nzima. Ukizipa umeme unazisikia zinazunguka vizuri. Lakini tulipozichomeka kwenye kompyuta nyingine, zilionekana kama diski tupu, na Windows ikauliza kama tunataka kuziumbiza. Kadi huandika diski kwa mpangilio wake, na kwa kawaida mpangilio huo unasomwa na kadi ya familia ileile. Hapa mjini hatukuipata. Ilibidi itafutwe Johannesburg, ije na lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Muda wote huo bibi-arusi anapiga simu: "Papa, video yetu iko wapi?" Kadi ilipofika, ilitambua diski, ikauliza kama iupokee mpangilio wa zamani, tukakubali, na video zikatoka zote. Sifa hiyo ya kadi naikubali. Ila kazi ya mtu ilisimama kwa kungoja kipande kimoja ambacho hakuna duka hapa linaloweka.

Diski za RAID ya programu ya Linux hazina tatizo hilo. Maelezo ya namna zilivyopangwa yameandikwa juu ya diski zenyewe. Ubao mama ukiungua, unazitoa, unazichomeka kwenye kompyuta ya jirani, unaiwasha kwa fleshi ya Ubuntu (aina moja ya Linux), unahakikisha programu ya mdadm, inayosimamia RAID, ipo, kisha unaandika:

sudo mdadm --assemble --scan

Zinafunguka, kompyuta iwe ya kampuni gani na ya mwaka gani. Katika mji ambako vipande vinafika kwa lori, jambo hili peke yake linanitosha kuamua.

Lakini kadi ina hoja yake nzuri, nayo ni umeme. Kadi halisi hupokea data kwanza kwenye kumbukumbu yake, inaiambia kompyuta "nimeshaandika", kisha inaiandika diskini kwa utaratibu. Umeme ukikatika katikati, betri ya kadi inashikilia data ile mpaka umeme urudi; kadi za karibuni zinaihamishia kwenye chipu ya fleshi kwa nguvu ya kapasita. Hili lina maana kubwa zaidi kwenye RAID 5. Kila uandikapo, data na pariti yake lazima vibadilike pamoja. Umeme ukizimika baada ya data kuandikwa na kabla ya pariti, vitu viwili havikubaliani tena, na hakuna anayejua. Siku diski moja ikifa, kompyuta inapiga hesabu kwa pariti ya uongo, nawe unapewa faili iliyoharibika.

Nani kwetu hajui kukatika kwa umeme? Unazima, unarudi, unazima tena kabla jenereta ya jirani haijashika vizuri. Kwa hiyo hoja hii ya kadi nimeipima sana, na bado naiona ndogo kwa mtu wa nyumbani, kwa sababu mbili. Ya kwanza, betri ya kadi inachakaa baada ya miaka michache, na kadi za mkono wa pili zinazoingia hapa huja mara nyingi na betri iliyokufa. Ikifa, kadi nyingi huacha kutumia kumbukumbu ile na kuandika moja kwa moja diskini, na kasi uliyoilipia inaondoka. Ya pili, betri ya kadi inalinda yale yaliyokwisha kufika kwenye kadi tu. Mradi wako wa video uliokuwa wazi, faili iliyokuwa nusu ya kuhifadhiwa, mfumo endeshi wenyewe, hivyo vinazimika pamoja na umeme. UPS inavilinda vyote.

Nunua basi UPS yenye waya wa USB. Waya ule ndio unaoiambia kompyuta kwamba betri inakwisha, ili izime yenyewe kwa taratibu. Kwenye Linux tumia programu ya NUT. Ukiipanga, ikatie UPS umeme ukutani mchana kweupe ukiwa umekaa pale, uone kama kompyuta inajizima. Kama nyumbani una inveta na paneli za jua, bado weka UPS kati ya inveta na kompyuta, maana inveta nyingine huchelewa kidogo kubadili, na huo muda mdogo unatosha kuizima kompyuta.

Habari ya kasi naipita haraka. Miaka ya tisini prosesa zilikuwa dhaifu, na kadi yenye prosesa yake ilikuwa msaada wa kweli. Leo prosesa ya kawaida ya mezani inapiga hesabu za pariti kwa kasi ya gigabaiti kadhaa kwa sekunde, wakati diski ngumu moja inatoa kama megabaiti 150 hadi 250. Diski ndiyo inayochelewesha kazi. Na kwenye RAID 1 hakuna hesabu yoyote, ni kuandika mara mbili tu. Ukitumia SSD (diski ya chipu, isiyozunguka), kuna jambo la ziada: kadi nyingi hazipitishi amri ya TRIM, ile inayoiambia SSD sehemu zipi zimeachwa wazi, lakini RAID ya programu ya Linux inaipitisha.

Halafu kuna joto. Kadi hizi zimetengenezwa kwa seva zenye feni kali zinazopuliza mfululizo. Ndani ya kompyuta ya mezani, mwezi wa kumi wa Lubumbashi, mvua haijaanza na vumbi jekundu limeziba matundu, kadi inapata moto kiasi kwamba huwezi kuigusa. Ukiamua kuitumia, ifungie feni yake mwenyewe.

Ile RAID ya BIOS iepuke. Sanduku la ubao mama linaandika RAID kwa herufi kubwa, nawe unadhani umepata kadi bure. Ukweli ni kwamba kazi yote inafanywa na draiva kwa prosesa ya kompyuta, kama RAID ya programu, ila umefungwa kwa chipu za kampuni moja kama vile kwenye kadi. Tena ukibadilisha betri ndogo ya BIOS, au ukisasisha BIOS na mipangilio ikarudi mwanzo, RAID inazimwa na diski zinaonekana moja moja. Linux inaweza kuzisoma RAID za Intel za namna hii, na hilo limewasaidia baadhi ya watu. Kama unatumia Windows peke yake na unataka diski ya kuwashia kompyuta iwe na pacha wake, hapo ina kazi. Kwa diski ya video, hapana.

Kabla ya kununua diski, mambo matatu. Muulize muuzaji kama diski inaandika kwa njia ya SMR, ambapo mistari ya data inalaliana. Diski hizo zinapungua kasi vibaya wakati wa kujenga RAID upya. Chagua CMR, ambayo mistari yake hailaliani. Pili, diski ya kawaida ya mezani ikikutana na sekta mbovu inaweza kuhangaika nayo kwa muda mrefu, na kadi inachoka kungoja, inaitangaza imekufa kumbe bado nzima. Diski zilizotengenezwa kwa NAS (sanduku la diski la mtandao) hukata tamaa baada ya sekunde saba hivi. RAID ya programu ni mvumilivu zaidi: Linux hungoja sekunde 30, na muda huo unaweza kuuongeza.

Tatu, na hili ni la sokoni kwetu: diski iliyotumika inasafishwa, inavalishwa plastiki, inauzwa kama mpya. Usilipe kabla ya kuichomeka na kuandika sudo smartctl -a /dev/sdb. Tafuta mstari wa Power_On_Hours. Diski mpya ina sifuri au saa chache. Ukiona 20000, hiyo imefanya kazi zaidi ya miaka miwili bila kuzimwa. Tazama na Reallocated_Sector_Ct. Namba ya mwisho wa mstari ikizidi sifuri, mrudishie. Muuzaji mwaminifu hakatai kupimiwa, na anayekataa amekwisha kukujibu. Ukiweza, nunua diski mbili kwa maduka tofauti au kampuni tofauti, maana mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kuchoka wakati mmoja.

Sasa kazi yenyewe, kwa Ubuntu. Diski ya mfumo iache peke yake, SSD ndogo inatosha. Chomeka mbili za video, washa, andika:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Chukua kalamu ya wino usiofutika na karatasi yenye gundi. Andika tarakimu nne za mwisho za namba ya kila diski (ile ya safu ya SERIAL), ubandike ubavuni unaotazama mlango wa kompyuta, pale utakapopaona bila kuitoa. Majina kama sdb na sdc yanaweza kubadilika kila unapowasha. Namba ya diski haibadiliki. Siku moja ikifa utakuwa na haraka na wasiwasi, na diski mbili zinafanana kabisa. Nimekuta fundi ameng'oa ile nzima na kuiacha iliyokufa ndani, kwa kukosa karatasi hiyo ndogo.

Hakikisha diski hizo hazina kitu, maana kinachofuata kinafuta vyote (badala ya sdb na sdc weka majina uliyoyaona kwenye lsblk):

sudo apt install mdadm
sudo mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 --bitmap=internal /dev/sdb /dev/sdc
sudo mkfs.ext4 /dev/md0

Ile bitmap ni daftari la sehemu zilizokuwa zinaandikwa. Umeme ukikatika ghafla, Linux inalinganisha sehemu hizo tu, haianzi diski nzima mwanzo. Kisha hifadhi mpangilio:

sudo mdadm --detail --scan | sudo tee -a /etc/mdadm/mdadm.conf
sudo update-initramfs -u

Weka md0 kwenye /etc/fstab, orodha ya diski zinazofunguliwa kompyuta ikiwaka, kwa UUID yake (namba yake ya utambulisho), pamoja na neno nofail, ili kompyuta iwake hata kama RAID ina tatizo. Andika cat /proc/mdstat. Utaona asilimia zinapanda: diski zinalinganishwa. Kwa terabaiti 4 hesabu muda wa saa saba au nane. Ikiisha, mwisho wa mstari kuna [UU], yaani zote mbili ziko juu.

Usianze kuweka video za watu bado. Weka faili chache zisizo na maana, zima kompyuta, chomoa waya wa diski moja, washa. Sasa mdstat inaonyesha [U_] au [_U], na faili zinafunguka vilevile. Zima, rudisha waya, washa, na kama diski haikurudi yenyewe, iongeze kwa sudo mdadm /dev/md0 --add ikifuatwa na jina lake la sasa. Ukishaiona RAID yako ikipona kwa macho yako, utajua la kufanya siku yenyewe.

Kwa Windows 10 au 11, fungua Storage Spaces kwenye paneli ya udhibiti, chagua diski mbili, na aina ya kioo cha njia mbili (Two-way mirror), ndiyo RAID 1 yake. Diski hizo zinaweza kuhamia Windows nyingine ya toleo hilo au jipya zaidi. Kwa Mac, Disk Utility ina msaidizi wa RAID unaotosha kwa RAID 1. Na kama una kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha na uvumilivu wa kusoma, ZFS, mfumo wa faili wenye RAID yake ndani, ni bora kuliko vyote nilivyovitaja, kwa sababu inaweka alama ya ukaguzi kwa kila kipande cha data. Nakala mbili zisipokubaliana, inajua ipi ni ya kweli. RAID 1 ya kawaida inajua tu kwamba zimetofautiana.

Kadi inamfaa nani basi? Aliyenunua seva ya mkono wa pili yenye kadi tayari, diski sita au nane, betri nzima, na akaweza kupata kadi ya pili ya aina hiyohiyo akaifungia kabatini. Bila hiyo kadi ya pili, ushauri wangu haubadiliki. Nyingi ya kadi hizo zinaweza pia kuwekwa katika hali ya kupitisha diski moja moja bila kuzipanga. Ukiipata hali hiyo, iwashe, kisha fanya RAID ya programu juu yake. Unapata matundu mengi ya diski na uhuru wako unabaki.

Diski ya tatu niliyoitaja mwanzo ndiyo nakala rudufu, na RAID ya aina yoyote haichukui nafasi yake. Ukifuta folda kwa makosa, RAID inaifuta pande zote mbili papo hapo. Kirusi kinachofunga faili kinazifunga zote mbili. Mwizi anabeba sanduku zima. Mimi kila ndoa ikiisha kuhamishwa kwenye kompyuta, nainakili kwenye diski ya nje, na diski hiyo inalala kwa dada yangu anayekaa Katuba. Kadi za kamera hazifutwi mpaka nakala hiyo imefika kwake.

Mwisho, jipangie kupata habari. RAID 1 inayokufa upande mmoja inaendelea kufanya kazi kimya, na mtu anaweza kukaa miezi kwenye diski moja bila kujua. Weka anwani yako ya barua pepe kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya mdadm.conf, upange na programu ya kutuma barua, kisha ujaribu kwa sudo mdadm --monitor --scan --oneshot --test. Kama intaneti yako ni ya kubahatisha, jizoeze kuandika cat /proc/mdstat kila Jumatatu kabla ya kuanza kuhariri. Ukiona mstari wa chini mahali pa U, nakili kwanza kwenye diski ya nje kazi zote ambazo hazijafika kwa wenyewe, halafu ndipo uende kununua diski nyingine.